Fuwele Nyembamba Ikivutwa, Uso Wake Unabadilikaje? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya wanafunzi wa fizikia na kemia wa Mbeya na Iringa: wa kidato cha sita, wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), wa chuo cha Mkwawa, na walimu wao pia. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye swali lenyewe.

## Mambo ya msingi

1. Fuwele nyembamba ni kitu gani, na ni nyembamba kiasi gani?

Fuwele ni kitu kigumu ambacho atomi zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia: chumvi, almasi, dhahabu, silikoni iliyo ndani ya simu. Mpangilio huo tutauita kimia. Tunaposema nyembamba tunamaanisha kuanzia tabaka moja la atomi hadi nanomita mia chache. Tabaka moja la molibdeni disalfaidi lina unene wa nanomita 0.65 hivi. Grafini ni tabaka moja la grafiti, yaani unene wa atomi moja tu. Ndani ya grafiti, tabaka hizo zimeachana kwa nanomita 0.335.

Ukitaka kuona kwa macho yako, tafuta kipande cha ulanga. Chomeka ncha ya wembe pembeni, taratibu. Kinabanduka karatasi baada ya karatasi, kila moja laini na ya kung'aa. Endelea kubandua mpaka upate karatasi inayopitisha mwanga na kupindika bila kuvunjika. Kipande kilekile kilipokuwa kinene kilikuwa kinakatika ukijaribu kukikunja. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Manchester waliibandua grafiti kwa utepe wa gundi mpaka wakapata grafini, wakachapisha kazi hiyo mwaka 2004, na mwaka 2010 wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

2. Mnyumbuko na mkazo si kitu kimoja?

Hapana. Mkazo ni nguvu juu ya eneo, na hupimwa kwa paskali. Mnyumbuko ni badiliko la urefu likigawanywa kwa urefu wa mwanzo. Hauna kizio, na mara nyingi huandikwa kwa asilimia. Kuinyoosha grafini kwa asilimia 1 kunahitaji mkazo wa gigapaskali 10 hivi, kwa kuwa moduli yake ya Young ni kama terapaskali 1. Silikoni inahitaji kati ya gigapaskali 1.3 na 1.9, kutegemea unaivuta kwa mwelekeo gani.

Elektroni hazijui nguvu uliyotumia. Zinachokijua ni umbali kati ya atomi na atomi. Kwa hiyo hesabu zote za ukurasa huu ni za mnyumbuko: kunyooshwa ni chanya, kubanwa ni hasi.

3. Kuna aina ngapi za mnyumbuko?

Kwa fuwele nyembamba, tatu zinatosha. Unaweza kuivuta upande mmoja. Unaweza kuivuta pande zote kwa usawa. Au unaweza kuisukuma kimshazari. Hii ya tatu ndiyo inayowasumbua wengi. Chukua mkeka, shika pembe mbili zinazotazamana uvute: miraba ya msuko inalala na kuwa mishazari, ingawa hakuna ukili hata mmoja uliorefuka. Katika fuwele, jambo hilo hubadilisha pembe za kimia na kuvunja ulinganifu wake, na ulinganifu ukivunjika, nishati ambazo zilikuwa sawa huachana.

Ndiyo maana mtu akisema "nimenyumbua kwa asilimia 1" bila kutaja aina na mwelekeo, bado hajasema kitu. Angalia namba zilizo katika swali la 9.

4. Asilimia 1 ni kidogo mno. Inawezaje kubadilisha tabia ya umeme?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na lina haki ya kuulizwa.

Elektroni husafiri ndani ya fuwele kwa kuruka kutoka atomi moja hadi jirani yake. Wepesi wa kuruka unategemea jinsi mawingu ya elektroni ya atomi hizo mbili yanavyoingiliana, na mwingiliano huo hupungua kwa kasi kubwa umbali unapoongezeka. Katika hesabu zinazotumika sana kwa grafini, kuongeza umbali kwa asilimia 1 kunapunguza wepesi wa kuruka kwa zaidi ya asilimia 3. Kutokana na kuruka huko ndipo zinapoundwa kanda za nishati: ukanda uliojaa elektroni, ukanda mtupu, na pengo katikati yake. Ukigusa umbali, umegusa kila kitu kinachofuata.

Zaidi ya hapo, mambo ya umeme hupimwa kwa namba ndogo. Kwenye joto la kawaida la chumba, nishati ya mtikisiko wa joto ni kama mili-elektronivolti 25. Mnyumbuko wa asilimia 1 unaweza kusogeza kingo za kanda kwa mili-elektronivolti 50 au 100. Kiasi hicho kinaizidi nishati ya joto mara mbili hadi nne, hivyo elektroni haziwezi kukipuuza. John Bardeen na William Shockley waliuweka uhusiano huu wa mnyumbuko na kingo za kanda kwenye hesabu mwaka 1950.

5. Kwa nini fuwele nyembamba? Kipande kinene hakinyumbuki?

Kinanyumbuka, ila hakifiki mbali. Kipande kinene cha silikoni kwa kawaida hupasuka kabla ya asilimia 1, kwa sababu ya mikwaruzo na nyufa ndogo alizoziacha aliyekikata. Fuwele nyembamba sana haina nafasi ya kuficha kasoro nyingi. Vipimo vya mwaka 2008 vilionyesha kuwa grafini huvumilia hadi asilimia 25 hivi kabla ya kukatika, na tabaka moja la molibdeni disalfaidi hufika kati ya asilimia 6 na 11.

Sababu ya pili: katika kipande kinene, atomi za usoni ni wachache kati ya wengi. Katika fuwele ya tabaka moja, atomi zote ni za usoni.

## Kinachotokea usoni

6. Uso una upekee gani?

Atomi ya ndani ina majirani pande zote. Ya usoni imekosa wa juu. Kukosa jirani kunaleta mambo mawili. La kwanza, kunaweza kutokea elektroni zinazoishi usoni tu, zisizoweza kuzama ndani. Igor Tamm alilieleza hilo mwaka 1932 na Shockley akalieleza kwa njia yake mwaka 1939. La pili, atomi za usoni hutamani umbali tofauti na ule wa ndani, kwa hiyo uso unaweza kuwa umenyumbuka wenyewe kabla hujaugusa.

Mfano mzuri ni dhahabu, hii inayochimbwa Chunya. Ukiisafisha na kuipanga uso wake uwe ule wenye atomi zilizosongamana zaidi, tabaka la juu kabisa hujibana: atomi 23 hujipanga juu ya nafasi 22 za tabaka la chini yake. Huo ni mbano unaozidi asilimia 4, kwa mwelekeo mmoja, na hakuna mtu aliyeubana. Chini ya hadubini ya ncha inayopitisha elektroni kwa kupenya, chombo kilichobuniwa na Gerd Binnig na Heinrich Rohrer mwaka 1981, mbano huo unaonekana kama mistari ya kupinda iliyopangana uso mzima.

Kwa hiyo unapopewa uso wenye tabia usiyoitegemea, kabla ya kusema umechafuka au umebadilika kikemia, uliza kwanza umenyumbuka kiasi gani. Naliona swali hili kuwa la kwanza katika fani hii, na linarukwa mara nyingi mno.

7. Je, nishati ya kung'oa elektroni usoni inabadilika?

Ndiyo. Kwa metali nyingi, ukiunyoosha uso, nishati hiyo hupungua; ukiubana, huongezeka. Ukinyoosha unazitawanya elektroni kwenye nafasi kubwa zaidi, na kizuizi cha umeme kilichopo mpakani mwa metali na hewa tupu hulegea. Mabadiliko ni ya makumi ya mili-elektronivolti kwa kila asilimia, si zaidi sana. Usiitumie kanuni hii kwa semikondakta bila kuhesabu, kwa sababu huko kingo za kanda na hali za usoni (zile za elektroni zinazoishi usoni tu, swali la 6) husogea kila moja kwa kasi yake.

8. Mnyumbuko unaweza kuhamisha elektroni za usoni kabisa?

Unaweza, na madini ya fedha yalituonyesha. Kwenye uso wake uliosongamana kuna hali ya usoni iliyo mili-elektronivolti 60 hivi chini ya usawa wa Fermi, ule mpaka wa nishati ambao elektroni hujaa chini yake. Yaani imejaa elektroni, lakini kwa tofauti ndogo. Mwaka 1997 watafiti walipima utando wa fedha uliooteshwa juu ya silikoni, ukiwa umenyooshwa kwa karibu asilimia 1, wakakuta hali hiyo imepanda juu ya usawa wa Fermi. Elektroni zake zimeondoka. Madini ni yaleyale, uso ni uleule, usafi ni uleule. Kilichobadilika ni umbali.

9. Pengo la nishati la molibdeni disalfaidi linapungua kiasi gani?

Tabaka moja lina pengo la moja kwa moja, yaani elektroni hulishuka bila kuhitaji msaada, na hutoa mwanga wa elektronivolti 1.85 hivi, mwekundu. Ukilivuta upande mmoja, nishati ya mwanga huo hushuka kwa takribani mili-elektronivolti 45 kwa kila asilimia. Ukilivuta pande zote, hushuka kwa takribani mara mbili ya hapo, karibu 100.

Kuna jambo jingine lililo muhimu zaidi ya kushuka. Mnyumbuko ukifika kati ya asilimia 1 na 2, pengo huacha kuwa la moja kwa moja: kilele cha ukanda uliojaa huhamia sehemu nyingine ya ramani ya mwendo wa elektroni. Tangu hapo mwanga hufifia sana, kwa sababu elektroni haiwezi kushuka bila kusaidiwa na mtikisiko wa kimia. Anayetaka kutengeneza taa kwa kitu hiki asivute kupita hapo.

10. Na grafini? Ukiivuta inapata pengo?

Si kwa mvuto wa kawaida. Hesabu za mwaka 2009 zilionyesha kuwa mvuto wa upande mmoja unaoizidi asilimia 20 ndio unaoanza kufungua pengo, tena kwa baadhi ya mielekeo tu. Chini ya hapo, sehemu ambapo kanda mbili hugusana inahama, lakini zinaendelea kugusana.

11. Nimesikia grafini iliyovimba hupata sumaku ya tesla 300. Ni kweli?

Ni kweli, ukiielewa vizuri. Mwaka 2010 watafiti wa Berkeley walipima vilengelenge vidogo vya grafini juu ya platini, wakakuta elektroni zimejipanga kwenye ngazi za nishati kana kwamba ziko ndani ya sumaku ya zaidi ya tesla 300. Sumaku kubwa za maabara zinazofanya kazi mfululizo hufika tesla 45 hivi.

Lakini hakuna sumaku pale. Ukiweka dira haitacheza. Grafini ina makundi mawili ya elektroni, na mnyumbuko usio sawa, unaobadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine, unalipindisha kundi moja kulia na jingine kushoto. Ukijumlisha, unapata sifuri. Sumaku ya kweli ingeyapindisha yote upande mmoja. Mkazo wa neno uwe kwenye "usio sawa": mvuto ulio sawa kila mahali hauleti athari hii.

12. Hili linahusu kemia pia?

Sana. Kichocheo hufanya kazi kwa kushika molekuli usoni, kwa nguvu ya wastani. Mwaka 1998 Mavrikakis, Hammer na Nørskov walionyesha kuwa kunyoosha uso wa metali za mpito kunaufanya ushike molekuli kwa nguvu zaidi, na kuubana kunapunguza. Atomi zikiachana, ukanda wa elektroni za d hujibana na katikati yake hupanda kukaribia usawa wa Fermi, na hapo ndipo vifungo vipya hupatikana. Kanuni hii inafaa kwa metali za upande wa kulia wa kundi hilo, kama platini na paladi.

## Kunyumbua na kupima

13. Fuwele ya nanomita moja unaivutaje? Huwezi kuishika.

Hushiki fuwele, unashika kitako chake. Ibandike juu ya bamba la plastiki kisha pinda bamba. Uso wa nje wa bamba hunyooka kwa unene wa bamba ukigawanywa kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha mpindo. Bamba la milimita 0.5 likipindwa kwa nusu kipenyo cha milimita 25 linatoa 0.5 ÷ 50, yaani asilimia 1 kamili. Fuwele iliyobandika vizuri hufuata. Fuwele hiyohiyo ikipindwa peke yake kwa mpindo uleule, mnyumbuko wake haufiki hata sehemu moja ya milioni. Mvuto wote unatoka kwenye unene wa bamba.

Njia nyingine ni kuotesha fuwele juu ya fuwele isiyolingana nayo. Urefu wa kimia cha silikoni ni nanomita 0.543 na wa gerimani ni 0.566, tofauti ni asilimia 4.2. Tabaka jembamba la silikoni likioteshwa juu ya mchanganyiko wa silikoni na gerimani hulazimika kunyooka. Viwanda vya chipu havikungoja: Intel iliingiza silikoni iliyonyumbuliwa kwenye chipu zake za nanomita 90 mwaka 2003, elektroni zikaenda kasi zaidi kwa nguvu ileile ya umeme.

14. Nitajuaje mnyumbuko umefika kwenye fuwele na haukuishia kwenye gundi?

Pima kimia chenyewe, usiamini mpindo wa bamba. Mtawanyiko wa Raman ndio unaotumika zaidi: leza huangaza fuwele, na mwanga unaorudi hubeba alama ya mtikisiko wa atomi. Silikoni isiyonyumbuliwa hutoa alama kwenye 520 kwa sentimita; ukiinyoosha, alama hushuka. Eksirei hupima umbali wa atomi moja kwa moja, ila tabaka moja huipa kazi ngumu.

Angalizo: kwa grafini, elektroni za ziada kutoka kwenye kitako nazo husogeza alama za Raman. Tumia alama mbili, si moja, utenganishe visababishi.

## Huku kwetu

15. Mwalimu, haya yote ni ya maabara za ng'ambo. Huku Nyanda za Juu Kusini tunayaona wapi?

Umeyapita mara nyingi bila kuyaona. Lori likipanda kwenye mizani ya barabara kuu, Makambako au Uyole, chini ya bamba kuna nguzo za chuma zilizobandikwa vipande vya karatasi ya metali. Chuma kinabanwa kidogo, waya wa kipande unabadilika urefu na upana, ukinzani wake unabadilika. Hapo mchango mkubwa ni wa umbo: metali hubadilika ukinzani mara mbili hivi tu ya mnyumbuko.

Simu yenye kipimo cha kanieneo cha silikoni ndiyo inayokuleta kwenye mada yetu. Ndani yake kuna utando mwembamba wa silikoni uliofunika chumba kitupu. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa inaukandamiza kwa hektopaskali 830 hivi. Shuka kupitia Tukuyu mpaka Kyela, iliyo karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kipimo kitasoma karibu 955. Utando umebonyea zaidi, silikoni iliyo kwenye kingo zake imenyumbuka, na ukinzani wake umebadilika mara 100 au zaidi ya mnyumbuko wenyewe. Mnyumbuko wa asilimia 0.01 unaleta badiliko la asilimia 1. Umbo haliwezi kueleza hilo. Ni kanda za nishati zilizoachana, kama ilivyoelezwa katika swali la 3. Charles Smith wa Bell Labs alilipima mwaka 1954.

16. Sina maabara wala hadubini. Ninaweza kufanya utafiti wa kweli?

Unaweza, na nakusihi uanze. Hesabu za elektroni zinazotokana na kazi ya Walter Kohn na wenzake ya miaka ya 1964 na 1965 zinafanyika kwa programu za bure, kama Quantum ESPRESSO. Tabaka moja la molibdeni disalfaidi lina atomi tatu tu katika kila kipande kinachojirudia. Kompyuta mpakato ya kawaida inalimudu.

Fanya hivi. Kwanza tafuta urefu wa kimia wenye nishati ya chini kabisa kwa programu yako, usinakili wa kwenye kitabu, la sivyo utaanza ukiwa umekwisha kunyumbua. Acha nafasi tupu ya nanomita 1.5 au zaidi juu ya tabaka, lisije likahisi nakala yake. Zidisha kimia kwa 1.01, funga ukubwa wake, waache atomi watulie ndani, kisha hesabu kanda. Rudia kwa 1.02, kwa 0.99. Umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, chukua nafasi za atomi za mwisho zilizoandikwa kwenye faili la matokeo uanzie hapo.

Mitego ni miwili. Hesabu za kawaida hutoa pengo dogo kuliko la kweli, kwa hiyo amini mwelekeo wa badiliko zaidi kuliko namba yenyewe. Na ukivuta upande mmoja, ulinganifu wa pembe sita unavunjika. Sehemu yenye pengo dogo kabisa huhama kutoka kwenye pembe ya ramani. Anayechora kanda kwenye njia ileile ya zamani huona pengo ambalo halipo.

17. Baridi ya Julai inaharibu vipimo?

Kidogo sana. Molibdeni disalfaidi hutanuka kwa takribani 7 kwa milioni kwa kila nyuzi, na kioo cha silika kwa 0.5. Tofauti ya nyuzi 20 kati ya alfajiri na mchana inaleta mnyumbuko wa asilimia 0.013, yaani mili-elektronivolti 1 hivi. Lakini fuwele iliyooteshwa kwenye kioo hicho kwa nyuzi 750 kisha ikapozwa hubaki na karibu asilimia 0.5. Huo hauondoki kwa kuwasha hita. Lazima uihamishe kwenye kitako kingine.

## Maswali ya pembeni

18. Idadi ya tabaka ina maana?

Kwa baadhi ya fuwele, sana. Mwaka 2014 ilipimwa kuwa molibdeni disalfaidi ikinyumbuliwa hutoa umeme, lakini tabaka zikiwa witiri tu: moja, tatu, tano. Zikiwa shufwa, kila tabaka hufuta umeme wa mwenzake.

19. Mnyumbuko unaweza kugeuza metali kuwa kihami ndani, huku uso ukiendelea kupitisha umeme?

Ndiyo, kwa zebaki teluraidi. Yenyewe haina pengo. Ikioteshwa juu ya kadimi teluraidi hunyooka kwa asilimia 0.3 tu; pengo dogo linafunguka ndani, na uso unabaki na elektroni zake zinazosafiri. Vipimo vilithibitisha hilo mwaka 2011.

20. Nikiachia, uso unarudi ulivyokuwa?

Ukibaki ndani ya mipaka, unarudi, na kanda zinarudi nazo. Ukizidisha, moja kati ya mawili hutokea. Fuwele iliyobandikwa huteleza juu ya kitako: ukirudisha bamba, inabaki imebanwa au ina makunyanzi, na alama ya Raman hairudi ilipoanza. Fuwele iliyooteshwa nayo, ikizidi unene fulani, hukata safu za atomi chini kabisa ili ipumue, na kasoro hizo hazifutiki. Kwa hiyo pima ukipanda na upime ukishuka. Mistari miwili isipolala pamoja, tupa namba za upande wa juu uanze na kipande kipya.